Shavu la Kushoto la Kanisa

Mwaka 1992 nilikuwa na miaka ishirini na sita, na ndio mwaka nilioteremka kutoka kwenye lori la wanunuzi wa korosho pale Newala nikiwa na beseni moja, kanga mbili na sufuria isiyo na mfuniko. Mume niliyekuwa naye Mkomaindo, kule Masasi, alikuwa ameanza kuuza mitumba. Mitumba ikamkubali, na alipopata meza ya pili akapata na mke wa pili. Mimi nikaambiwa niende kwetu nikapumzike. Nimepumzika mpaka leo. Habari za wazazi wangu siandiki hapa, wala za utoto; mwenye kutaka nasaba awaulize wazee wa ukoo. Naandika habari ya mwaka mmoja na kanisa moja, na sababu ninayo.

Mwezi uliopita tulimzika Baba Anjelina, aliyekuwa mwenyekiti wa wazee wa kanisa letu tangu mimi sijui kushika patasi. Jeneza nilitengeneza mimi. Kabla hatujalishusha, mwinjilisti, kijana mwenye koti zuri, akasoma historia ya marehemu, na katikati akachomeka historia ya kanisa: kwamba kanisa letu la mbao lilikarabatiwa na kamati chini ya uongozi shupavu wa marehemu. Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mimi nikakohoa, na sikuwa na kikohozi. Anjelina mwenyewe, binti wa marehemu, naye sasa ana wajukuu, akanigeukia akacheka huku machozi yanamtoka. Tulipokuwa tunanawa mikono akanifuata. "Mama Fundi, andika wewe. Baba alikuwa anajua." Nikamwambia mimi niliishia darasa la nne. Akasema, "Na yule aliyesoma chuo umemsikia alivyosoma." Basi naandika. Makosa ya herufi ni yangu, na yaliyotokea nayo ni yangu.

Kanisa hilo liko nje kidogo ya njia ya Chilangala, mahali ambapo uwanda wa juu unachomoza kama ulimi na kuning'inia juu ya bonde la Ruvuma. Miezi ya baridi, asubuhi, ukungu hujaa bondeni mpaka huoni chini, na ulimi ule hubaki peke yake juu ya weupe. Watu wakapaita Kisiwani, watu ambao bahari hawajawahi kuiona. Na sisi Walutheri tulikuwa wachache pale kuliko nywele za mzee mwenye upara: huku Waanglikana, kule Wakatoliki, Waislamu pande zote. Ulutheri uliletwa na wapasua mbao, Wabena kutoka Njombe, waliokuja na misumeno yao mirefu kutafuta mininga ya bondeni, wakaoa kwetu, wakakosa pa kusali. Ndipo wakashirikiana na wachongaji wetu Wamakonde wakajenga kanisa lote la mbao, halina msumari hata mmoja, kila ubao una ulimi upande mmoja na mfuo wa kuupokea ulimi wa mwenzake upande mwingine, na vigingi vya mpingo vya kuufungia kwenye nguzo. Wageni walikuwa wanadhani ni mapambo. Hayakuwa mapambo. Juu kule kwetu maji hakuna. Nyumba ya udongo au ya tofali inataka maji, na maji yalikuwa chini bondeni, kwenda na kurudi asubuhi nzima, ndoo moja kichwani. Bibi Losalia alinieleza siku ya kwanza nilipofika: "Udongo unakunywa, mjukuu wangu, na anayeunywesha ni mwanamke. Ubao haunywi."

Bibi Losalia alikuwa mdogo wake bibi yangu mzaa mama, mjane wa mmoja wa wale wachongaji, na alikuwa mtunza kanisa. Alikaa katika chumba cha nyuma ya altare, pale mchungaji anapovalia, kwa sababu mchungaji alikuja mara moja kwa mwezi na siku nyingine chumba kililala bure. Hapo ndipo nilipoweka beseni langu. Chumba kilikuwa na upana wa mikeka miwili. Ukutani palikuwa na kigingi cha kanzu ya mchungaji, na sisi tulitundika kanga zetu pembeni yake kwa heshima. Mchana jua likichoma ubao, mninga ulitoa harufu, na mpaka leo nikifungua ubao mpya kwenye msumeno, nafika pale. Tulikula ugali wa muhogo na majani ya kunde. Msimu ukiwa mbaya tulichemsha ming'oko, ile mizizi ya porini ambayo Masasi mjini nilikuwa nimeanza kuionea aibu. Bibi alinitazama nikiibagua akasema, "Kula. Aliyekurudisha hakukupa mchele." Uso wake wote ulichanjwa nembo za zamani, zile za usichana wao, na alipotafuna zilitembea. Nilikuwa namwangalia zaidi ya chakula. Shavu la kushoto lilikuwa na pembe tatu zilizopandana, kila moja kama ncha ya mkuki, la kulia pembe nne. Nikamuuliza kwa nini hazilingani. "Nilianza kulia mkataji akiwa kwenye la kushoto," akasema. "Akanihurumia akaacha. Kwenye la kulia nilikuwa nimeshazoea."

Enzi zile tuliziita za ruksa, maana kila mtu aliruhusiwa kuuza na kununua. Msimu ule wanunuzi wa korosho walikuja wengi, kila mmoja na lori lake na mizani yake, wakalipa palepale mtu anaona. Madukani Newala kukawa na saruji, mabati, redio za betri, na vitenge vya rangi ambazo macho hayajazoea. Na kubwa kuliko yote, bomba la kijiji, lililokuwa limekauka miaka, likatoa maji. Yalitoka wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Wanawake walicheza ngoma pale bombani, na mimi nilicheza. Mtu aliyezaliwa mahali penye mto hawezi kuelewa namna maji ya bomba yanavyompumbaza mtu wa Newala. Tulianza kuoga kila siku. Tukasahau.

Jioni moja ya Oktoba wazee wa kanisa walifanya kikao ndani ya kanisa, na sisi tulikuwa chumbani mwetu tunapukuchua kunde. Ukuta wa ubao hauna siri. Nikamsikia Baba Anjelina, ambaye wakati ule alikuwa mtu mzima mwenye nguvu, mikorosho mingi na sauti kubwa zaidi ya mikorosho.

"Waanglikana wana jiwe. Wakatoliki wana tofali. Sisi tuna nini? Kasha."

"Kasha la korosho," mmoja akasema, wakacheka.

"Pesa tumechanga, saruji ipo dukani, mabati yapo, maji yapo. Tunangoja nini? Tunavunja, tunafyatua matofali, Krismasi tunasali ndani ya kanisa la watu."

"Na mbao?"

"Mbao zina mwenyewe. Yuko bwana mmoja wa Masasi anatafuta mninga mkavu, wa zamani, anatengenezea makabati ya watu wa Dar es Salaam. Amekuja kuzigonga kwa kidole. Amezipenda."

Halafu sauti ndogo ikauliza, "Na Losalia?"

"Losalia ana ndugu."

"Ndugu yake si yule aliyerudi juzi na beseni?"

Wakacheka tena. Mimi uso ulinichoma. Bibi hakuacha kupukuchua. Alisogeza mdomo karibu na ukuta akasema kwa sauti yake ya kawaida, "Tunawasikia, Baba Anjelina. Endeleeni tu na kikao." Upande wa pili kiti kikaanguka.

Kesho yake Baba Anjelina alikuja kuomba radhi, kofia mkononi. Hakuwa mtu mbaya, na leo nasema hivyo akiwa hayupo kunisikia. Alisema chumba kipya kitakuwepo, baadaye, Mungu akipenda. Bibi akamuuliza jambo moja tu: "Matofali yatakunywa nini?"

"Bomba lipo, Bibi. Dunia imebadilika."

"Leo lipo," Bibi akasema.

Ikaamriwa wanawake wajaze mapipa, na mimi, kwa kuwa sina mume wala shamba, nikapewa kuwasimamia. Nilikubali haraka. Nilidhani nikionekana mchapakazi watanifikiria kwenye hicho chumba kipya. Kwa hiyo niandike wazi: maji yaliyofanya chumba changu kivunjwe niliyasimamia mimi. Vijana walishusha mabati ya zamani, wakagonga vigingi vikatoka, wakavuta mbao moja moja na kuzitupa uwanjani lundo moja kubwa, za kushoto, za kulia, za mbele, zote zimechanganyika kama mahindi na maharage. Nguzo tu ndizo zilizobaki zimesimama ardhini, maana zilikuwa nzito kuzing'oa. Sisi tukahamia jikoni kwa Bi Zuhura, jirani Mwislamu, ambaye mumewe, Mzee Hamisi, alikuwa seremala wa vitanda vya kamba. Tulilala kando ya mafiga. Bi Zuhura alisema tukae hata mwaka, lakini jiko lilikuwa jiko, na siku za kufikia mvua za Desemba zilikuwa zinahesabika kwa vidole.

Fundi wa matofali alitoka Masasi. Alifyatua matofali ya saruji siku sita, yakapangwa safu safu, mazuri, ya kijivu, watoto wakatembea juu yake wakapigwa. Alipoondoka kwenda kwenye kazi nyingine aliacha amri: yanyweshwe asubuhi na jioni, siku saba, yasipate kiu hata siku moja, kuta zitasimama miaka mia. Siku ya pili baada ya kuondoka kwake bomba likakohoa, likatema kutu, likanyamaza. Tukasema kesho. Kesho yake likanyamaza vilevile. Mapipa yakaisha. Ikabidi ndoo zirudi vichwani, bondeni na kurudi, na kwenye jua kama lile la Novemba ndoo moja tofali linainywa hata hujashusha pumzi. Siku ya tatu wanawake waligoma. Mama mmoja Mlutheri, mwimba kwaya, akasimama mbele ya Baba Anjelina na ndoo yake kichwani: "Nina watoto wanne na matofali elfu. Nimnyweshe nani?" Wiki ilipokwisha nilichukua tofali moja nikalibonyeza kwa kidole gumba. Likamong'onyoka kama kashata.

Hilo ndilo kosa letu, na halikuwa la mwenyekiti peke yake. Watu wa uwanda mkavu, waliojengewa kanisa la mbao na wazee wao kwa sababu ya ukavu huohuo, tulivunja mbao zetu kwa sababu ya wiki tatu za bomba.

Jumanne moja lori la yule bwana wa mbao likaingia Kisiwani. Tulimwita Bosi, mtu mnene, mcheshi, mwenye tepu ya kupimia shingoni kama mshonaji. Wapagazi wake walipokwenda kwenye lundo walimkuta Bibi Losalia amekaa juu yake, miguu ameinyoosha.

"Bibi, shuka tupakie," Bosi akasema.

"Nipakieni na mimi. Si mnatafuta kikavu cha zamani?"

"Sasa wewe nikikufikisha Dar nitakutengeneza nini, Bibi?"

"Kitanda, mume wangu. Tulale."

Uwanja mzima ulicheka, Bosi mwenyewe akacheka mpaka akajishika kiuno, maana kwetu bibi na mjukuu ni mke na mume wa utani na hakuna wa kukasirika. Lakini Baba Anjelina hakucheka. Alikuwa amekonda wiki ile. Alikaribia lundo akaongea taratibu, na nilikuwa sijawahi kumsikia akiongea taratibu.

"Bibi Losalia, nisikilize. Matofali yamekufa. Saruji imebaki kidogo. Tukiuza mbao tutanunua nyingine tujaribu mwakani. Tukiziacha, mvua inazikuta chini, zinaoza, na hatuna tofali wala ubao. Ningelirudisha, nakuapia. Lakini mafundi waliolijenga wote wako makaburini. Nani anajua ubao upi ulikaa wapi?"

Mimi nilikuwa nimekaa chini kivulini mwa lundo, nimenuna, uso wangu uko sawa na ncha za mbao. Na mbele ya macho yangu, kwenye ncha ya ubao mmoja, niliona pembe tatu zilizopandana, zimechongwa kwa ncha ya kisu, ndogo kama kucha. Kwenye ubao wa pili pembe nne. Nikamtazama Bibi. Nikasimama nikasema, "Mimi najua."

Nilidanganya. Nilikuwa sijui kitu. Nilikuwa nimeona tu alama zinazofanana na mashavu ya mtu aliyenilisha ming'oko. Baba Anjelina akanitazama kuanzia miguuni. "Binti, wewe ni seremala?" Nikasema, "Nipe mpaka Jumapili. Nikisimamisha ukuta mmoja, mbao hazitoki. Nikishindwa nitazipakia mwenyewe." Bosi akasema hana haraka, atanunua korosho vijijini, atarudi Jumatatu. Na akanipa mkono kama mwanamume.

Tulipofika jikoni kwa Bi Zuhura nikampigia Bibi magoti. Nikamwambia nimejitia kitanzi, anieleze. Alichukua muda kwanza kunicheka, akasema wale wazee hawakumuuliza yeye. Halafu akaeleza, huku anachambua mboga. Mkuu wa wapasua mbao, yule Mbena, alijua kuandika, akataka kila ubao uandikwe namba. Wachongaji wetu hawakujua namba za kuandika, na walikuwa wengi kuliko yeye. Wakabishana siku nzima. Ndipo mumewe Bibi akasema yapo maandishi ambayo kila Mmakonde anayasoma toka mbali, hata kwa mtu aliyelala. Akamkalisha mke wake kwenye kigoda mbele ya mafundi wote. Paji la uso likawa ukuta wa altare, kidevu kikawa ukuta wa mlango, shavu la kushoto ukuta wa kushoto, la kulia ukuta wa kulia. Chini ya nembo wakatoboa vitundu: kitundu kimoja ubao wa chini kabisa, viwili unaofuata, hivyo mpaka juu. "Mwezi mzima wanaume wazima walikuwa wanakuja kunichungulia shavu," Bibi akasema. "Mume wangu akaanza kuona wivu na kazi yake mwenyewe." Bi Zuhura alicheka mpaka akamwaga mboga.

Jumatano na Alhamisi nilipanga mbao, kila nembo na lundo lake. Sikuhitaji kusoma. Mtu aliyenidharau kwa darasa la nne angesimama pale asingeona kitu. Mzee Hamisi aliniazima patasi, nyundo ya mti na msumeno mdogo, akaja na kigoda chake kuangalia, maana burudani kama hiyo haipatikani kila wiki. Ijumaa asubuhi nikasimama mlangoni, mahali palipokuwa mlango, nikaelekea altare kama muumini anavyoingia. Mkono wangu wa kushoto ukawa kushoto. Nikachukua mbao za pembe tatu nikaanza kuzipandisha upande ule. Zilikataa. Ulimi uliingia, lakini matundu ya vigingi hayakukutana na matundu ya nguzo, yalipishana kwa upana wa vidole viwili. Nikageuza ubao, nikaugonga, nikautukana. Wazee wa kanisa walipita wakatazama wakaondoka bila salamu. Mzee Hamisi naye akaona ni wakati wa utani: "Fundi, huo ubao unakukataa kama yule wa Mkomaindo."

Sijui nilikuwa nafikiri nini. Hasira ilinipanda, nikachukua msumeno nikakata ulimi wa ubao ule mmoja ili niulazimishe. Mninga wa miaka yote ile, ulikatika kwa dakika chache, ndani mwekundu kama nyama. Nilipoinua uso Bibi alikuwa amesimama na bakuli la chakula. Akauangalia ubao. Hakunigombeza, na ningependa angenigombeza.

"Wewe unaingia," akasema. "Kanisa haliingii. Kanisa limekaa humo ndani, limekutazama wewe unayekuja. Pokea bakuli, liweke hapo. Nitazame. Sasa nishike shavu la kushoto."

Nikanyoosha mkono kumshika. Mkono ulionyooka ulikuwa wa kulia.

Nilibaki nimemshika vile, vidole vyangu juu ya zile pembe tatu, nazo zilikuwa ngumu kama kamba zilizofukiwa. Mzee Hamisi akavua kofia yake ya vito, akakunja kanzu, akasema, "Haya, shika upande huo, mimi nashika huu." Tukazihamisha mbao za pembe tatu zote ng'ambo ya pili. Ubao wa kitundu kimoja ukaingia. Kigingi cha mpingo nikakigonga mara moja, kikazama chote na kutoa mlio ule ambao sasa nimeusikia maelfu ya mara na bado hunifurahisha, mlio wa kitu kufika kwake. Wa pili ukaingia. Jioni ya Ijumaa ukuta ulifika kiunoni, Jumamosi ukanipita kichwa. Pengo lilibaki moja, la ule niliokata. Pale Mzee Hamisi alinisaidia kuranda ubao mpya, nikauchonga nembo mwenyewe, pembe tatu, vitundu sita. Mpaka leo ukiingia kanisani utaujua kwa rangi yake.

Jumapili watu walikuja kusali uwanjani. Jua lilikuwa kali, na kivuli kilikuwa kimoja tu, cha ukuta wangu, kwa hiyo wote walikaa hapo, na walionicheka wakakaa mbele. Baba Anjelina hakukaa. Alikwenda nyuma, akaegemeza bega lake kwenye ukuta akasukuma kwa nguvu zake zote. Tulimwona mishipa ya shingo. Ukuta ulisimama. Akazunguka, akavua koti la suti akamkabidhi mkewe, na katikati ya wimbo, watu wanaimba, akaja mpaka nilipokaa akaniinamia.

"Fundi," akasema, "nyundo nyingine iko wapi?"

Ibada ya siku ile iliisha mapema kuliko zote.

Bosi alirudi Jumatatu, akakuta ukuta wa kulia nao unapanda na wanaume kumi wananiuliza mimi waweke wapi. Akazunguka na tepu yake shingoni. Nilidhani atadai gharama ya lori. Akaniuliza, "Makabati unatengeneza?" Nikasema ndiyo. Nilidanganya mara ya pili. Akaagiza mawili, na Mzee Hamisi akanifundisha kabati ambalo naye mwenyewe halijui, tukalifumbua pamoja mpaka tukalipata. Hivyo ndivyo nilivyoanza.

Saruji ilikuwa imebaki mifuko michache, na mabati mapya yalikuwa yamekwisha nunuliwa. Kikao kiliitwa tena, safari hii nikaingizwa ndani badala ya kusikilizia ukutani. Wakataka saruji isakafie kanisa. Nikasema hapana, tuchimbe birika la kukingia mvua pembeni mwa kanisa, tulisakafie, mabati mapya tuyawekee mifereji. Paa lote lile, na mvua yote ile inamwagika bondeni bure. Mmoja akasema na birika linataka maji kulijenga. Yule mama mwimba kwaya akasimama: "Haya tutabeba. Ya mara moja na ya mwisho, tutabeba." Walibeba, Walutheri, Waanglikana na kina Bi Zuhura, wakiimba njia nzima, na siku hiyo sikuwasimamia, nilibeba nao.

Mvua ya kwanza ilitukuta ndani, wiki moja kabla ya Krismasi, mchana. Tulikuwa tunafunga vigingi vya mwisho vya mlango. Mabati yalipiga kelele hata hatukusikiana. Baba Anjelina alitoka akasimama chini ya mfereji akiwa na shati lake zuri, na maji yalipoanza kutumbukia birikani, kwanza ya vumbi, kisha meupe, alianza kucheka peke yake kama mtoto. Bibi Losalia alitoka chumbani kwetu, kilekile cha nyuma ya altare, na kikombe cha bati. Alikinga, akanywa, akakinga tena, akanipa. "Ubao haunywi," akasema. "Lakini huu unanywesha." Alikaa chumba kile miaka mingine tisa, na humo ndimo alimofia, usingizini.

Baba Anjelina hakuwahi kusimama mbele za watu akasema ni nani aliyelirudisha kanisa. Kwa mwanamume wa umri wake, na wakati ule, sikulitegemea hilo. Lakini toka mwaka ule hadi mwezi uliopita hakuniita jina jingine zaidi ya Fundi, na kila kitu cha mbao nyumbani kwake, milango, meza, vitanda vya harusi za watoto wake, aliniagiza mimi, hata mafundi wengine waliponishinda kwa bei. Alipougua alimtuma Anjelina aje anipe vipimo vyake. Alikuwa amempima kwa kamba. Nikamtengenezea jeneza la mninga, lisilo na msumari, na kwa ndani, ambako hakuna mwinjilisti wa kusoma, nilichonga pembe tatu upande wa shavu lake la kushoto na nne upande wa kulia. Niliweka nikimfikiria yeye ametazama juu, si mimi ninayemtazama. Safari hii sikukosea.

Nilivyo navyo leo ni hivi. Karakana moja Newala mjini, yenye mashine ya kuranda na msumeno wa umeme. Mafundi wanne, mmoja wao msichana. Nyumba ya tofali, vyumba vitano, kila tofali lilikunywa siku saba kamili, nilihesabu. Mabirika mawili, na jirani akija na ndoo hanilipi. Shamba la mikorosho Chilangala. Patasi ya Mzee Hamisi, mpini nimeubadilisha mara tatu. Kigoda alichokalia Bibi Losalia walipomnakili uso. Na ubao mmoja wa mninga, pembe tatu, vitundu sita, uliokatwa ulimi kwa mkono wangu mwenyewe. Umetundikwa juu ya mlango wa karakana. Watu huuliza bei. Hauuzwi.